Kanda za kabatini tuzihariri wenyewe, kabla hazijanyamaza



Ijumaa moja baada ya sala, hapa Ibra, tulifungua kabati la marehemu mama. Tulikuwa tunatafuta hati ya shamba. Hati hatukuiona, lakini chini kabisa, nyuma ya mashuka, tuliona boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba. Ndani mna kanda kumi na moja za video, zile kubwa za VHS. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: “Harusi, Sur, 1989.” Nyingine: “Unguja, 1993.” Nyingine hazina kitu, ila vumbi tu.

Tukatafuta deki nyumba nzima, hakuna. Jirani akatukumbuka, akatoa ya kwake ghalani. Tukaifuta, tukaiunganisha na runinga, tukatia ile ya 1993. Picha ikacheza cheza, ikatulia. Mara bibi akatokea! Amekaa barazani, amejitanda kanga, anapepeta mchele na huku anazungumza. Bibi huyu alifariki zamani, na mimi sauti yake nilishaisahau. Alizungumza kama sekunde arubaini, kisha aliyeshika kamera akageuka kumpiga picha mbuzi.

Mjukuu wangu wa miaka minane akaniuliza kwa Kiarabu: “Anasema nini?”

Swali lile ndilo lililonikalisha kuandika makala hii.

Tulivyofika hapa

Wengi wetu tunazijua habari zetu. Baada ya Januari 1964 watu walitawanyika, wengine Dubai, wengine Kuwait, wengine Misri, wengine Uingereza, na wengine walibaki kule kule. Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, aliposhika nchi Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi wajenge nchi yao. Wazee wetu wakarudi na Kiswahili chao mdomoni. Wakaa Muscat, wakaa Nizwa, wakaa Ibra, wakaa Sur. Miaka ya themanini mishahara ilipotulia, deki na kamera zikaingia majumbani. Nani asiyekumbuka ile kamera kubwa inayobebwa begani kama gunia?

Kwa familia kama zetu kamera ile haikuwa mchezo tu. Ilikuwa barua. Shangazi aliye Sur hakuweza kwenda harusini Unguja, basi alipelekewa kanda. Mjomba aliye Mombasa hakumjua mtoto mchanga wa Nizwa, akapelekewa kanda. Watu walikaa mbele ya kamera wakasalimia mmoja mmoja: “Mie mzima, watoto wazima, tunakukumbukeni, tuombeeni dua.” Hizo ndizo zilizomo makabatini mwetu leo.

Na haziwezi kungoja. VHS ilitoka Japan mwaka 1976, na kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki, Funai, iliacha Julai 2016. Yaani mashine zilizobaki duniani ndizo hizi hizi za ghalani, na kila mwaka zinapungua. Kanda zenyewe haziwezi joto wala unyevu, na sisi tunavyo vyote viwili: joto huku bara Ibra na Nizwa, unyevu kule pwani Sur. Kimbunga cha Gonu kilipopiga Juni 2007, maji yaliingia nyumbani kwa binamu zangu wa Sur. Magodoro yalianikwa, mazulia yalianikwa, lakini kanda zilitupwa. Hakuna aliyejua kwamba katika zile zilizotupwa ndiyo ilikuwamo sauti pekee ya babu.

Rai yangu ni hii: kazi ya kuzihamisha na kuzihariri kanda hizi, na zile vidio zilizojaa kwenye simu zetu, ni kazi ya nyumbani. Tuifanye wenyewe, kwa laptopu tulizonazo na kwa programu zisizolipiwa. Tusiipeleke dukani, na tusingoje mpaka tununue vifaa vikubwa.

Kwa nini si dukani

Mie nilipeleka dukani. Duka lenyewe na mji wake sitovitaja, maana sikuja kumharibia mtu riziki. Niliwapa ile ya harusi ya 1989. Baada ya wiki tatu nikapewa flashi. Kufungua, naona maua ya waridi yanaanguka kwenye skrini, jina la bwana harusi limekosewa, na juu ya kila kitu wametia muziki wa piano. Piano! Taarabu iliyokuwa ikipigwa siku ile haisikiki. Vigelegele havisikiki. Na pale ambapo shangazi alikaa akamuusia bi harusi kwa dakika sita, wamekata, wameacha sekunde kumi. Nilipouliza, kijana akanambia kwa adabu: “Ami, sisi hatuelewi ile lugha. Tuliona ni maneno tu.”

Maneno tu. Sikumlaumu. Atajuaje? Mtu asiyejua lugha hawezi kujua kipi kikatwe na kipi kiachwe. Ndiyo maana nasema mhariri wa kanda ya familia lazima atoke ndani ya familia.

Na kuna jambo jingine ambalo sote tunalijua ila hatulisemi. Harusi zile zina wanawake. Wamevaa, wamejipamba, wanacheza, wako na wenzao chumbani, hawakujua kama iko siku mwanamume asiyewahusu atakaa mbele ya kompyuta awatazame saa tatu nzima. Tulipompa yule kijana kanda, tulimpa amana isiyokuwa yetu peke yetu. Mimi nilijuta baadaye. Ukihariri nyumbani, binti wa nyumba ndiye anayewatazama shangazi zake, na picha hazitoki nje ya ukuta.

Bure na huru

Hapa vijana wataniambia: “Ami, mbona tuna CapCut kwenye simu, na ni bure?” Kweli, ni bure na ni rahisi, na kwa vidio ya dakika moja ya paka sina neno. Lakini lugha yetu ina maneno mawili hapa, kama Kiarabu nacho kilivyo nayo. Kuna kitu cha bure, na kuna kitu kilicho huru. Cha bure ni kama gari la jirani: unapanda, lakini ufunguo anao yeye. Januari 2025 sheria ya Marekani iliifungia TikTok pamoja na CapCut, za kampuni moja, na watu wa kule waliamka wakakuta kazi zao hazifunguki. Baadaye zilirudi, lakini funzo limebaki. Hata wakubwa hufanya hivyo: Windows Movie Maker, ambayo wengi tulijifunzia, Microsoft waliiondoa Januari 2017.

Programu huru ni nyingine. Maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, na ukishaiweka kwenye kompyuta yako hakuna wa kuja kuifunga. Za kuhariri vidio zinazojulikana ni Kdenlive, iliyoanzishwa mwaka 2002, pamoja na Shotcut na OpenShot. Ipo HandBrake ya kubadilisha aina za faili, na Audacity ya kusafisha sauti. Zote hizi hufanya kazi hata ukichomoa intaneti, na kwetu sisi hili ndilo kubwa. Kanda ya harusi ya shangazi haipandi mbinguni kwenye kompyuta za watu. Inabaki humo ndani ya laptopu, na laptopu inabaki kabatini.

Iko pia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure na inatumiwa na watu wa sinema. Ni nzuri sana, lakini si huru, na inataka kompyuta yenye nguvu. Mie niliijaribu kwenye laptopu yangu, ikapiga kelele kama pampu ya bustani, kisha ikazima.

Unahitaji nini hasa

Nitasema nilichonacho, ili mtu asiogope. Nina laptopu ya mwanangu aliyomalizia chuo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Nina deki ya jirani. Nina waya wenye vichwa vitatu, wa manjano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti. Na nina kifaa kidogo kama flashi, ambacho upande mmoja kinaingiza waya huo na upande wa pili kinaingia kwenye kompyuta. Bei yake haifiki hata robo ya mbuzi wa Idi. Basi, khalasi. Hicho ndicho kiwanda chetu.

Laptopu ya zamani usiitupe. Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10, na watu wengi wameambiwa mashine zao hazifai tena. Zinafai. Mwambie kijana akuwekee Linux, ambayo nayo ni huru, na Kdenlive itakwenda vizuri tu. Au iache na Windows yake, uitumie kwa kazi hii peke yake, bila ya intaneti.

Kabla ya kutia kanda kwenye deki, itazame kwenye mwanga. Ukiona utando mweupe kama unga, huo ni ukungu, usiitie. Itachafua kichwa cha deki, na kichwa kitachafua kanda zilizobaki. Hiyo iweke kando isafishwe kwanza. Iliyo nzima ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ndipo urekodi.

Kuhamisha hakuna njia ya mkato. Kanda ya dakika 180 inakula dakika 180. Iwashe, nenda kasali, nenda kale, rudi. Kanda za kwetu ni za mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, ukubwa wa 720 kwa 576. Iache hivyo hivyo. Usiinyooshe ijaze runinga pana, maana utamnenepesha kila mtu, na shangazi zetu hawatakusamehe. Ukirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni kama gigabaiti 3.6. Kwa hivyo flashi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya saa kumi na tano, ambazo kwa familia nyingi ni kanda zote za kabatini.

Mtu akitembea kwenye picha utaona vimistari kama meno ya kitana. Hilo si kosa lako, ndivyo runinga za zamani zilivyokuwa: kila picha moja ni nusu mbili zilizosukwa pamoja. Shotcut na HandBrake zina kichujio cha kuyaondoa.

Kompyuta dhaifu, akili isiwe dhaifu

Tatizo kubwa la vifaa vidogo haliko kwenye VHS. Liko kwenye vidio za simu. Simu za leo zinapiga picha kubwa mno, na ukizitia kwenye laptopu ya zamani inakwama kama gari kwenye mchanga wa Sharqiyah. Dawa yake ipo ndani ya Kdenlive na Shotcut, nayo ni nakala nyepesi. Programu inatengeneza nakala ndogo ya kila kipande, wewe unahariri kwa ile ndogo, na ukimaliza inakwenda yenyewe kuchukua ile kubwa na kutengeneza filamu kamili. Ni kama fundi anayekata karatasi kabla ya kukata kitambaa. Washa hiyo kabla ya kuanza, na acha kompyuta itengeneze filamu usiku umelala.

La pili ni sauti kuachana na mdomo. Mwanzo inakwenda sawa, ukifika dakika ya ishirini bibi anafumba mdomo na sauti bado inakuja. Nilidhani programu mbovu. Kumbe simu nyingi hazishiki mwendo mmoja wa picha, mara 30 kwa sekunde, mara 27. Ipitishe kwanza vidio kwenye HandBrake, uiambie ishike mwendo mmoja usiobadilika, kisha ndiyo uihariri. Ningelijua hili mapema ningeliokoa wiki mbili za maisha yangu.

La tatu limetokea kwa mtoto wa dada yangu aliye Nizwa. Alihariri mwezi mzima, akanitumia faili, akanambia: “Khali, filamu tayari.” Nikafungua, nyeusi tupu. Faili lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Kumbe alinitumia ile kazi ya mradi tu, na humo hamna vidio. Mna maagizo: kata hapa, unga pale. Vidio zenyewe zilibaki kwake. Kwa hivyo weka kila kitu katika folda moja, na usiihamishe mpaka umalize. Na ukitaka kumtumia mtu filamu kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama vidio. Ukituma kama vidio inaikamua mpaka sura hazitambulikani, lakini kama hati inapokea mpaka gigabaiti 2 na haiigusi.

Wazee walio hai

Kanda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imekaa sebuleni, inakunywa kahawa. Tunao bado wazee waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga, Bujumbura. Kila Idi tunawapiga picha wakila shuwa, na kila mwaka tunasema inshallah tutakaa nao tuwarekodi. Kisha mwaka unapita na kiti kimoja kinakuwa kitupu.

Hapa vifaa ni simu mbili tu. Moja isimamishe juu ya vitabu imtazame mzee. Ya pili iweke mapajani mwake, chini ya leso, ikirekodi sauti. Piga kofi moja mbele ya zote mbili, na baadaye kwenye kompyuta utaziunga kwa mlio wa lile kofi. Sauti itakuwa safi kuliko ya watu wengi wa studio. Lakini zima kiyoyozi! Najua, Julai hapa si mchezo. Basi rekodini asubuhi mapema, au zimeni kwa dakika ishirini kisha mpumzike. Na kabla hajaanza kusema, nyamazeni nyote sekunde tano. Kimya kile Audacity itakitumia kuijua kelele ya chumba na kuipunguza.

Kipi kikatwe

Programu utajifunza kwa wiki. Kuamua kipi kikatwe na kipi kiachwe ndiyo kazi.

Mzee akizungumza saa mbili, dakika arubaini ni kikohozi, simu, mtoto analia, na “nilikuwa nasema nini vile?” Kata mlio wa simu. Kikohozi kingine kiache, ndivyo alivyokuwa. Lakini mzee akifika mwaka 1964, sauti ikabadilika, akanyamaza nusu dakika, akaangalia mlango? Mpwa wangu alitaka kukikata kimya kile, akasema kinachosha. Nikamwambia usikiguse, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Na yapo yanayosemwa ambayo si ya kila sikio. Mzee atataja jina la mtu aliyemdhulumu, au aliyemficha akamwokoa, na watoto wa watu hao wapo, tunakutana nao mazishini na harusini. Hatuna ruhusa ya kuwasha moto kwa kibiriti cha mzee aliyekwisha sema akastarehe. Sisi tumejiwekea desturi ya nakala mbili. Ile ya asili, nzima, haikatwi hata neno, inawekwa na watu wawili wa familia. Ile iliyohaririwa ndiyo ya kutazamwa na wote, na kabla ya kutolewa anaonyeshwa mwenyewe aliyezungumza. Akisema “hapa toa”, tunatoa. Bibi mmoja wa kwetu alitazama, akacheka, akasema toeni pale nilipomsema wifi yangu, kisha akafikiri, akasema: “Wacheni, alikuwa hivyo hivyo.”

Nakala ziwe tatu kwa jumla, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba, mji mwingine kabisa. Sisi ya Ibra iko Nizwa na ya Nizwa iko Ibra. Mafuriko yakija bonde moja, Mungu atunusuru, bonde la pili lipo.

Lugha ndiyo faida kubwa

Sasa nirudi kwa yule mjukuu na swali lake. Nilimtafsiria maneno ya bibi, akasikiliza, akaenda kucheza. Nikaona hiyo si njia. Nikamkabidhi kazi dada yake wa miaka kumi na tano: aandike maneno ya Kiarabu chini ya picha, kila sentensi mahali pake.

Ziko programu za kuandika maneno zenyewe. Kdenlive inaweza kutumia Whisper, ambayo inajua Kiswahili na Kiarabu. Tuliijaribu. Kwa mtu anayesoma habari redioni inakwenda. Kwa bibi anayeanza sentensi kwa Kiunguja, akaapa kwa Kiarabu, akamaliza kwa mafumbo, iliandika maajabu. Tukaifuta, binti akaandika kwa mkono.

Ili kuandika sentensi moja alilazimika kuirudia mara kumi, mara ishirini. Akawa ananipigia: “Babu, ‘kupepeta’ ndiyo nini? Na ‘chuya’? Mbona kasema ‘asotulia’ na si ‘asiyetulia’?” Wiki ya pili akawa anauliza kwa Kiswahili. Mwezi wa pili alikuwa anamkosoa baba yake. Mtoto ambaye tulikuwa tukimlazimisha kuzungumza lugha mezani akakataa, amejifunza kwa kumkata bibi vipande na kumuunga. Kuhariri ni kusikiliza, wala hakuna mtu aliyemsikiliza bibi yule kwa makini kuliko binti huyo, hata sisi tuliokaa naye barazani.

Kwa hilo peke yake, hata kama filamu ingetoka mbaya, kazi ilikuwa imelipa.

Wanaopinga

Wako watakaosema hii ni kazi ya serikali. Mamlaka ya Nyaraka na Hifadhi za Taifa ipo, inakusanya hati na masimulizi ya wazee, na makumbusho ya Oman Across Ages yamefunguliwa Manah, jirani na Nizwa, mwaka 2023. Mwenye hati au masimulizi mazito awapelekee, ni wajibu. Lakini taifa linahifadhi historia ya taifa. Namna shangazi alivyokuwa akigeuza mkate wa kumimina, na jina la utani alilomwita baba yangu, haya hatutamtwika waziri. Ni yetu. Sur wameihifadhi Fath al-Khair, ile ghanja ya mwaka 1951, kila mtu anaiona. Nani atawahifadhi waliopanda majahazi kama yale, kama si watoto wao?

Wako watakaosema, mbona unazungumzia ya zamani, tuangalie mbele. Nami nawaambia watoto wetu wanaangalia vidio saa nne kwa siku, mbele na nyuma. Tunachobishania ni kama katika saa nne hizo kutakuwa na dakika kumi za watu wao.

Na wako, hasa wazee wenzangu, watakaosema hatuwezi, mambo ya kompyuta ya vijana. Mie nina umri wa kutosha, miwani yangu miwili, na nilianza bila kujua hata kukata kipande. Vijana wana vidole, sisi tuna kumbukumbu. Kijana hajui yule mwanamke wa kanga nyekundu ni nani, na wewe hujui kitufe kiko wapi. Kaeni pamoja. Hiyo nayo ni ziara.

Naomba jambo moja tu

Msifungue boksi zima. Boksi zima litawatisha, mtalifunga tena. Toeni kanda moja. Kabla ya Idi, wakati watu wako kwenye habta wanahangaikia mbuzi na halua, ihamisheni hiyo moja. Chagueni dakika kumi ndani yake, msitie waridi, msitie piano, andikeni maneno chini. Usiku wa Idi, watu wameshashiba shuwa, zimeni taa za majlisi muiwashe.

Sisi tulifanya hivyo Idi iliyopita. Filamu ilikuwa na makosa: sauti imepanda mahali, rangi imepauka, kipande kimoja kimeingia mara mbili. Hakuna aliyelalamika. Bibi alipotokea na ungo wake, wazee walinyamaza. Na yule mjukuu wa miaka minane, aliyeuliza anasema nini, alisoma maneno chini kwa sauti, kisha akamgeukia mama yake: “Bibi anasema mchele una chuya nyingi mwaka huu.”

Ndicho alichokuwa akisema, ndugu zangu. Mchele una chuya. Miaka thelathini na zaidi tulikuwa hatujui.

Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atupe sisi haraka kabla ya majuto. Amin.